Kujitayarisha kwa Masteri: Dosiye, Lugha na Watu wa Nyumbani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi, Bunia. Tumeyapunguza kidogo.)



Komite iliniomba niseme juu ya safari yangu ya masomo, kwa sababu kuna vijana wananifuata mpaka nyumbani kuniuliza: "Ulifanya namna gani?" Ni kweli, mwezi wa nane ninaanza masteri katika chuo kimoja cha Kampala. Lakini musinipigie makofi sasa. Mimi ningekuwa nimemaliza masteri hiyo zamani. Nimekuja kuwaambia kwa nini sikumaliza, ili ninyi musipoteze miaka kama mimi.

Mwaka 2022 niliomba nafasi mara ya kwanza. Nilikubaliwa. Barua ilisema: tunakupokea, ila lete karatasi za asili za pointi za miaka yote, na diploma ya Leta, kabla ya tarehe fulani. Wandugu, mimi nilikuwa na picha ya simu tu, tena ya mwaka mmoja. Karatasi zingine zote zilibaki katika nyumba ya baba kule Djugu, mwezi wa pili 2018, siku tuliyokimbia kuelekea ziwa. Wengi hapa munajua siku hizo. Mtu alibeba mtoto, alibeba sufuria. Nani alikumbuka bahasha ya diploma? Tulivuka Ziwa Albert na nguo za mwilini, tukafika Kyangwali. Basi tarehe ilipita, nafasi akapewa mwingine. Chuo hakikunikosea. Kosa lilikuwa langu: tangu 2018 mpaka 2022 nilikuwa na miaka minne ya kutafuta karatasi zangu, na sikufanya kitu. Nilisema, "Siku nikizihitaji, nitazitafuta."

Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hili: kujitayarisha hakuanzi siku umeona tangazo. Anza leo, kama hata hujui utasoma nini.

Kwanza tuelewane juu ya maneno, kwa sababu yanatudanganya. Kwetu Kongo, aliyemaliza miaka mitatu ya chuo, G1 mpaka G3, tunamwita "gradué". Sasa ukiona tangazo la Uganda au Kenya limeandika "graduate programme", unafikiri linakuita wewe. Hapana. Kwa Kiingereza hayo ni masomo ya nyuma ya digrii ya kwanza, ni kusema masteri na daktari. Kijana mmoja alituma dosiye mara mbili na gradua yake, na mara mbili hakupata jibu. Hakuwa mjinga, neno ndilo lilimpoteza.

Na lisansi nayo iko na mambo yake. Katika mpango wa zamani, lisansi ilikuwa miaka mitano: mitatu ya gradua, miwili ya lisansi. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 ilileta mpango mpya, ule tunaita LMD: lisansi miaka mitatu, masteri miwili, kisha daktari. Katika mpango huo mwaka mmoja ni kredi 60. Lisansi ni kredi 180, masteri 120. Kwa hiyo leo watu wawili wanaweza kuonyesha karatasi iliyoandikwa "licence", mmoja alisoma miaka mitano, mwingine mitatu. Mtu wa ofisi kule ng'ambo hajui tofauti. Ni kazi yako kumweleza. Kama uko na lisansi ya zamani, omba chuo chako barua fupi inayosema: masomo haya yalikuwa ya miaka mitano. Karatasi moja, muhuri mmoja. Inaweza kubadilisha jibu.

Vilevile pointi. Hapa mtu wa 62 kwa mia anapata "satisfaction" na anatembea kifua mbele, kwa sababu sote tunajua namna waalimu wetu wanavyobana. Mgeni akiona 62 anaweza kusema huyu ni wa katikati tu. Uliza chuo kama kinaweza kuandika maelezo ya namna kinavyotoa pointi, na uyaambatanishe.

Sasa dosiye yenyewe. Mimi ilinichukua mwaka mzima na zaidi kuijenga upya. Nilianza kwa wakubwa wa serikali kupata cheti cha kupoteza vitu. Halafu nilienda kwenye shule ya sekondari: nilikuwa ninakumbuka mwaka wa Egzameni ya Leta na asilimia yangu, na hiyo ilisaidia sana. Andikeni hivyo mahali fulani: mwaka, shule, seksyo, asilimia. Kisha nilienda kwenye chuo, mara moja, mara tano, mara kumi. Leo wanasema mwenye ufunguo hayuko, kesho wanasema stima imekatika. Nilijifunza kwenda asubuhi, kusalimia watu kwa jina, kuandika kila ahadi na tarehe yake, na kurudi tarehe ile ile. Kugombana hakukunisaidia hata siku moja. Kurudi ndiko kulinisaidia.

Wengine munangoja diploma yenyewe miaka na miaka. Musingoje na mikono mitupu. Chukua atestasyo, chukua karatasi ya pointi ya kila mwaka, fanya kopi zenye muhuri. Kama unaenda nchi ya Kiingereza, tafuta mtafsiri mwenye kiapo. Tafsiri ya rafiki haikubaliwi. Piga picha za kila kitu, ziweke kwa imeli yako, tena umpe kopi mtu anayekaa mji mwingine. Sisi tunajua kwamba nyumba inaweza kuungua.

Neno la pili ni barua ya kuomba, na mradi wa utafiti. Hapa nilipata aibu ambayo ilinifaa. Barua yangu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu. Nilieleza vita, nilieleza mtumbwi, nilieleza kipindupindu kule Kyangwali mwaka 2018. Nilimpa mwalimu mmoja wa zamani aisome. Aliisoma yote, akanyamaza, halafu akaniambia: "Pole sana. Lakini umeniandikia mateso, hujaniandikia swali."

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu niliona kwamba ana haki. Mateso yetu ni ya kweli, na hakuna mtu wa kuyafuta. Lakini chuo hakitoi nafasi juu ya mateso. Kinatoa nafasi kwa mtu aliye na jambo anataka kujua, na anajua atalitafuta namna gani. Na sisi tuko nayo! Mimi katika kazi ya shirika nimezunguka muda mrefu, nimekaa na watu kwenye kambi ya Kigonze na vijijini. Swali langu nililipata humo: kwa nini familia nyingi zinazorudi kutoka Uganda zinakaa hapa mjini Bunia, hata pale kijiji chao kimetulia? Ni usalama tu? Ni shamba ambalo mwingine amelima? Ni watoto wamezoea shule ya mji? Sijui. Ndiyo maana ninaenda kusoma.

Ninyi munaofanya kazi katika mashirika, mujichunge na jambo moja. Tumezoea kuandika ripoti: walengwa mia tatu walipata vifaa, lengo limefikiwa. Ripoti inaonyesha kwamba tunajua. Utafiti unaanza pale unapokubali kwamba hujui. Mkono uliozoea ripoti unahitaji kufundishwa tena.

Neno la tatu, lugha. Kiingereza cha Kyangwali, cha sokoni na cha kuomba maji kwenye bomba, ni kizuri, lakini hakitoshi kusoma kitabu cha kurasa mia tatu kwa wiki moja. Mimi tangu mwaka jana ninasoma makala moja kila wiki, halafu ninaandika mistari kumi kwa Kiingereza: huyu mwandishi anasema nini, ninakubali au ninakataa. Mwanzoni mistari kumi ilinichukua jioni mbili. Leo ni saa moja. Sina siri nyingine. Na kama hutaki kuacha Kifaransa, usidharau vya kwetu. Ulizia kwanza hapa hapa: Chuo Kikuu cha Bunia, Chuo Shalom kilichotoka katika shule ya teolojia iliyoanza 1961, ISP. Ulizia Kisangani, chuo cha tangu 1963. Masteri nzuri karibu na nyumbani ni bora kuliko ya mbali utakayoiacha katikati.

Juu ya feza nitasema kwa ufupi. Wengi tulisikia kambini juu ya bursa ya DAFI, ile ya HCR na Ujerumani tangu 1992. Mujue hiyo hasa ni ya masomo ya kwanza ya chuo kikuu. Kwa masteri, tazameni zile za DAAD ya Ujerumani kwa Waafrika wanaosoma Afrika, na muulize chuo chenyewe. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na watu wanasema, "Sasa tunalipa kama Waganda." Musipange juu ya maneno ya watu. Andikia chuo, uliza bei ya mwanafunzi wa Kongo, pata jibu la maandishi. Na mtu akikupigia simu kusema umepata bursa, tuma kwanza dola hamsini kwa Airtel Money, funga simu.

Sasa neno la mwisho, na hili ndilo gumu kwangu kulisema mbele ya watu wanaonijua.

Mwaka 2018, tulipokuwa Kyangwali, mimi nilikuwa nimebakiza kumaliza L2. Mudogo wangu wa kike alikuwa mwaka wa nne wa sekondari. Aliacha masomo. Alianza kuuza samaki, kidogo kidogo, na feza ile ndiyo nilivukia ziwa kurudi, ndiyo nililipia chuo, ndiyo nilichapia kitabu changu cha mwisho. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema, "Yaya, maliza wewe kwanza." Mimi nilisikia "maliza wewe". Lile "kwanza" sikulisikia.

Mwaka jana, barua ya pili ya kukubaliwa ilipofika, nilirudi nyumbani nikiimba. Nilimkuta anasafisha samaki wa Tchomia kwa ajili ya soko la kesho. Nilimsomea barua. Nilimwonyesha bajeti: masomo, chumba, chakula, vitabu, safari ya Mahagi mpaka Kampala, feza ya mama ya kila mwezi. Nilikuwa nimeipanga vizuri, kama bajeti ya shirika. Aliosha mikono, akatazama ile karatasi, akaniuliza: "Na mimi niko mstari gani?"

Hakuwa kwenye mstari wowote.

Tulikaa na mama na baba mudogo siku ya mungu iliyofuata. Watu saba wanakula kwa mshahara wangu. Nikiuacha, nani anawabeba? Wengine walisema niende tu, nafasi haingoji. Mwisho niliandikia chuo, nikaomba kuanza mwaka mmoja nyuma, wakakubali. Sehemu ya akiba yangu tuliiweka katika likelemba kwa jina la mudogo wangu. Jioni alisoma, mimi nikimsaidia hesabu na Kifaransa. Amefanya Egzameni ya Leta kama mtu aliyejisomea mwenyewe. Amemaliza juzi, matokeo tunangoja. Akishinda, tunajua mstari wake wa mwaka ujao. Asiposhinda, mstari ubaki pale pale, anarudia.

Sikuwaambia haya ili munione mtu mwema. Mtu mwema angeuliza yeye mwenyewe, hangengoja kuulizwa. Ninawaambia kwa sababu karibu kila aliyesoma katika chama hiki alisoma juu ya mgongo wa mtu: mama, dada, mudogo aliyebaki sokoni. Kabla ya kufunga sanduku, kaa na mtu huyo. Muulize zamu yake ni lini. Andikeni tarehe.

Niko na ombi moja kwa komite. Tununue sanduku moja la bati na disko moja ya kuwekea picha za karatasi. Kila mwanachama alete diploma zake na za watoto wake, tuzipige picha, tuziandike katika daftari, kopi moja ibaki kwa wandugu wetu walio Uganda. Jumamosi mbili zijazo, kabla sijaondoka, nitakuwa hapa tangu saa mbili asubuhi na simu yangu. Leteni hata zile zilizolowa maji, hata zilizochanika. Karatasi iliyochanika bado iko na namba.