Kicheko cha Askari

Neno letu leo ni Mithali 14:13, linalotufundisha kwamba moyo waweza kulia huku kinywa kinacheka.

Sisi wa Machakos tumewajua watu wa namna hiyo. Katika Vita Kuu ya Pili Wakamba wengi waliingia Keya, na mwaka 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipigana Burma, katika bonde la Kabaw, kwenye mvua, matope na malaria. Bonde hilo liliitwa Bonde la Mauti. Wazee wetu waliporudi walisimulia mizaha ya huko: jinsi walivyotaniana usiku, nani atarithi viatu vya nani kukipambazuka. Wengine wetu tulicheka. Wengine tuliwakemea kwa kuifanyia mauti mzaha. Hatukuwauliza hata mara moja, "Na mwenye viatu, alirudi?"

Wengi wa wazee hao sasa wamelala. Lakini tunao vijana wetu waliotumwa Somalia kuanzia Oktoba 2011. Mmoja wao akirudi nyumbani na kuitania risasi, tusimkemee, wala tusicheke tu na kuondoka. Tuketi naye, tumwulize jina la rafiki yake. Bwana Yesu mwenyewe, kabla ya kumwita Lazaro, alilia pamoja na waliolia.

Tuombe. Ee Mchungaji wetu, uliyetembea nao bondeni, utupe masikio ya kusikia kilio kilichojificha ndani ya kicheko. Amina.