Nani Ajifunze Lugha ya Nani? Mapenzi ya Rangi Mbili katika Sinema na Nafasi ya Kiswahili



Kwanza natoa shukrani kwa kupewa nafasi hii ya kusema nanyi hapa Tukuyu, mahali ambapo mvua haiombi ruhusa na mhadhiri hana budi kushindana na sauti ya bati. Wengi wenu mtashangaa kwamba mtu wa Kiswahili amekuja kuzungumzia sinema za Marekani zinazohusu Japani. Naomba mnivumilie. Swali ninalolibeba si langu. Nilipewa na shangazi yangu, mama mtu mzima ambaye maisha yake yote amelima chai na ndizi katika milima hii.

Jioni moja tulikuwa tukiangalia nyumbani kwake sinema ya zamani iitwayo Sayonara. Nilikuwa nikimfasiria kwa Kiswahili, naye akinijibu kwa Kinyakyusa, kama ilivyo desturi yetu. Bwana wa Kimarekani na binti wa Kijapani walipoanza kufunguliana mioyo, shangazi akanyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Huyu binti Kiingereza amejifunza lini? Na huyu bwana, Kijapani atajifunza lini?" Sikuwa na jibu. Mhadhara huu ni jaribio la kumjibu.

Sayonara ilitolewa mwaka 1957. Mwongozaji wake ni Joshua Logan, nayo imetokana na riwaya ya James Michener ya mwaka 1954. Marlon Brando anaigiza rubani wa jeshi la anga, Meja Gruver, anayeletwa Japani wakati wa vita vya Korea. Rubani huyu anaingia Japani akiwa na dharau juu ya wanajeshi wanaooa wanawake wa huko, kisha naye anampenda Hana-ogi, mchezaji mashuhuri wa jukwaani, aliyeigizwa na Miiko Taka. Pembeni yao wapo askari Joe Kelly na mkewe Katsumi, walioigizwa na Red Buttons na Miyoshi Umeki. Hawa wawili wa pembeni ndio moyo wa sinema. Kelly anaishi katika nyumba ya Kijapani, anakula na kuoga Kijapani. Jeshi linapomwamuru arudi kwao bila mkewe, wanajiua pamoja. Buttons na Umeki walipata tuzo za Oscar kwa uigizaji huo, na Umeki akawa mwanamke wa kwanza kutoka Asia ya Mashariki kuipata tuzo hiyo ya uigizaji.

Hatuna budi kuikubali sinema hiyo kwa ujasiri wake. Ilishutumu waziwazi amri za jeshi na sheria za uhamiaji zilizowatenganisha watu waliooana kihalali. Aidha, riwaya inawatenganisha Gruver na Hana-ogi, lakini sinema inawaacha waende kuoana. Wakati huo majimbo mengi ya Marekani bado yalikuwa na sheria za kukataza ndoa za namna hiyo, na Mahakama Kuu ya nchi hiyo haikuzifuta hadi mwaka 1967. Hata hivyo swali la shangazi linabaki palepale. Mapenzi yote makubwa ya sinema hiyo yanasemwa kwa Kiingereza. Kijapani kinapewa nyimbo, maamkizi, na neno moja la kuagana ambalo ndilo lililowekwa kuwa jina la sinema. Mwanamke amevuka bahari ya lugha nzima. Mwanamume amevuka neno moja.

Kwa nini Japani, si kwetu? Jibu moja limeandikwa kwenye karatasi. Kanuni za Maadili zilizoongoza sinema za Hollywood kuanzia mwaka 1930 zilikataza kuonyesha mahusiano ya kimapenzi baina ya watu wa rangi mbili, na zilizitaja rangi hizo kuwa nyeupe na nyeusi. Katazo hilo halikuondolewa hadi marekebisho ya mwaka 1956. Maandishi ya katazo hayakumtaja Mjapani. Yeye aliweza kupendwa katika sinema, walau kwa masharti ya machozi, ambapo Mwafrika hakuweza kupendwa hata kwa machozi.

Tazameni basi sinema zilizopigwa katika nchi zetu miaka hiyohiyo. Mwaka 1953 John Ford alitoa Mogambo, iliyopigwa Kenya, Uganda na Tanganyika miongoni mwa nchi nyingine, ikiwa na Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Ilivumishwa kwamba jina hilo ni Kiswahili chenye maana ya shauku ya mapenzi. Ukilitafuta neno hilo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu hutalipata; jirani yake wa karibu ni mgambo, na mgambo, kama mjuavyo, hana habari na mapenzi, hasa akikukuta umepanga nyanya barabarani. Mwaka 1962 ikaja Hatari! ya Howard Hawks, iliyopigwa Tanganyika upande wa Arusha, na hiyo angalau jina lake ni Kiswahili cha kweli. Nyota wake ni John Wayne. Huyuhuyu Wayne, miaka minne kabla, alikuwa ameigiza mjumbe wa Marekani katika sinema ya John Huston, The Barbarian and the Geisha, ambamo mwanamke wa Kijapani, Okichi, anampenda na ndiye anayetusimulia habari zote. Akiwa Shimoda, Wayne anapendwa na mwenyeji. Akiwa Arusha, anapendwa na mgeni mwenzake kutoka Ulaya, na Kiswahili kinabaki kuwa lugha ya kukimbiza faru na kuwaita watumishi.

Hapa ndipo mtafiti wa Kiswahili anapopaswa kuumia. Hollywood haikuwa na tatizo na Kiswahili. Ilikipenda: kilisikika vizuri, kilipamba bango. Ila ilikitumia kama lugha ya amri. Hakuna aliyedhani kwamba kwa lugha hiyo mtu anaweza kumwambia mwenzake jambo la moyoni.

Sasa nirudi Rungwe, maana shangazi hakuuliza swali lake hivi hivi. Monica Wilson na mumewe Godfrey, walioishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya miaka 1934 na 1938, waliandika mengi juu ya heshima na kuepukana baina ya mkwe na baba mkwe. Katika heshima hiyo mna jambo la lugha ambalo Stefanie Kolbusa amelifanyia utafiti wa peke yake, nalo ni ingamwana. Mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno la kawaida linalofanana na jina hilo. Mathalani, kama jina la mzee linakaribiana na neno la ng'ombe, mama huyo atatafuta neno jingine la kumwitia ng'ombe, naye atalitumia zizini, jikoni na shambani siku zote. Bibi harusi anaingia nyumba mpya na msamiati mpya. Anaweza kuwa ametoka kijiji cha pili tu, ng'ambo ya mto, lakini kwa ulimi amehamia nchi nyingine.

Shangazi yangu alijifunza lugha hiyo akiwa binti. Mume wake hakujifunza neno. Kwa hiyo alipomwona Hana-ogi akisema Kiingereza, hakuuona ugeni wa Japani. Alijiona mwenyewe. Na mimi, niliyekuwa nimejiandaa kuwalaumu Wamarekani peke yao, ilinibidi nikae kimya. Ndoa inapovuka mpaka, uwe wa rangi, wa kabila au wa mto tu, kuna mtu anayelipa kwa ulimi wake, na aghalabu mtu huyo ni mwanamke.

Aghalabu, nasema, si daima. Nawaombeni sasa tumkumbuke mwanamume mmoja Mswahili aliyelipa zaidi ya ulimi. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baadaye alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Akiwa mtoto aliingizwa katika jeshi la Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, vita vilevile ambavyo mwaka 1916 viliuondoa utawala wa Kijerumani katika boma la Tukuyu, wakati huo likiitwa Neu-Langenburg. Utawala huo, kuanzia mwaka 1906, ulikuwa umekataza ndoa baina ya Wazungu na Waafrika katika koloni hili lote. Mwaka 1929 Husen alikwenda Berlin kudai mshahara wa jeshi ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Hakulipwa. Akabaki huko, akawa mhudumu wa mkahawa, na katika chuo kikuu cha Berlin akawa msaidizi wa kufundisha Kiswahili. Ni mwenzetu wa kazi, basi. Mwezi Januari 1933, siku chache kabla ya Hitler kushika madaraka, alimwoa Maria Schwandner, mwanamke mweupe.

Husen aliigiza pia katika sinema nyingi, aghalabu akiwa mtumishi au askari anayesimama nyuma ya Mzungu. Kubwa na ya mwisho ni Carl Peters ya mwaka 1941, sinema ya kumtukuza mtu ambaye mikataba yake ya hila iliifungulia Ujerumani mlango wa nchi yetu. Humo Husen ni mwongozaji wa njia na mkalimani. Yaani mtu aliyeyafundisha maneno ya Kiswahili kwa Wajerumani chuoni alikodiwa kuwasemea Kiswahili chao cha amri kwenye pazia la sinema. Mwaka huohuo alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2013 Eva Knopf alitengeneza sinema ya kumbukumbu, Majubs Reise, akizipekua sinema za zamani kumtafuta Husen pembeni mwa picha, nyuma ya mabega ya nyota. Njia hiyo ya kutazama, ya kuacha uso wa katikati na kumfuata aliye pembeni, ningependa wanafunzi wetu waijaribu.

Sinema hazikumpa Husen sentensi moja ya mapenzi. Maishani bila shaka alizisema nyingi, na nadhani kwa Kijerumani. Yeye ndiye aliyevuka.

Je, kuna kazi ambamo wapenzi wa asili mbili wanakutana kwa Kiswahili? Zipo, na iliyo karibu na moyo wangu ni Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa kwa mzee Raza katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Anamkimbia, jamaa zake wanamkataa, anapokewa na Mwajuma, na hatimaye anampenda Denge, Mwafrika anayepigania uhuru. Nawaombeni mwisomapo tena riwaya hiyo mzingatie jambo ambalo sisi wasomaji wa Kiswahili tunalipita bila kuliona, kwa sababu ni la kawaida mno: Yasmin na Denge hawahitaji mkalimani, wala hakuna anayemfundisha mwenzake lugha. Kiswahili kipo tayari baina yao kama kipo uani kwa Mwajuma. Kinachowasumbua ni ukoo na dola ya kikoloni, si ulimi. Amil Shivji alipoifanya riwaya hiyo kuwa filamu, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021, alikiacha Kiswahili kifanye kazi hiyohiyo. Safari hii waliosoma tafsiri chini ya picha walikuwa watu wa Toronto.

Wala isidhaniwe kwamba kabla ya hapo tulikaa tu tukisubiri. Katika mabanda ya video, watafsiri kama Lufufu, ambaye jina lake halisi ni Derek Gaspar Mukandala, waliwasemesha nyota wa Hollywood Kiswahili, wakiongeza methali, matani na majina ya mitaa yetu. Mtafiti Matthias Krings aliyeichunguza sanaa hiyo ameiita kugeuza wali kuwa pilau. Wako wasomi wanaoidharau. Mimi naiona kuwa jibu la mapema kwa swali la shangazi: bwana wa Kimarekani hakutaka kujifunza, basi tukamfundisha sisi.

Lakini nisiwadanganye kwa kukisifu Kiswahili kupita kiasi, hasa mbele ya wazee hawa. Hapa Rungwe Kiswahili nacho kilikuja kwanza na boma, mahakama na kodi. Leo kijana wa Kinyakyusa anaoa binti wa Kikinga au wa Kisukuma, na nyumba yao inajengwa kwa Kiswahili. Hapo hakuna aliyevuka kwenda kwa mwenzake. Wamekutana katikati, na hilo ni jambo jema. Watoto wao, hata hivyo, wakija likizo kwa bibi, wanakaa jikoni wakitabasamu bila kuelewa. Na ingamwana, yale maneno ambayo mabibi walilazimika kuyatafuta kwa heshima na kwa uchungu, yanakwenda kaburini pamoja nao. Sijui kama niyalilie. Shangazi nilipomuuliza alicheka, akasema mzigo ukitua chini huulilii, ila unakumbuka ulikuwa na nini ndani.

Nimeanza kuyaandika maneno yake. Mpaka sasa daftari lina kurasa kumi na moja, na kila nikidhani amemaliza, anakumbuka jingine.