Paa kwanza, potopoto nyuma

(Maneno haya yalisemwa na fundi wetu, mwanamemba wa shirika, kwenye mkutano wa wanamemba katika komini ya Mangobo. Tumeyaandika kama alivyoyasema, tukipunguza tu pale aliporudilia.)

 

Kamati iliniomba niseme juu ya kujijengea nyumba na pesa kidogo. Niliwauliza: nyumba gani? Kwa sababu kuko nyumba ambayo mtu anaota, ya matofali ya kuchoma, vyumba vine, saluni na baraza. Na kuko nyumba ambayo anaweza kuingia ndani pamoja na watoto mbele ya mvua kubwa ya mwezi wa tisa. Leo ninasema juu ya ile ya pili. Mita 6 kwa mita 4, vyumba viwili. Na kama hata hiyo ni nguvu, tunaanza na chumba kimoja, mita 3 kwa mita 4, na tunaacha upande mmoja tayari kwa kuongeza. Msicheke. Chumba kimoja chenye paa yako ni bora kuliko msingi wa vyumba vine uliojaa majani. Misingi ya namna hiyo mnaiona kila siku mkipita.

Sasa, wengi kati yetu tumetoka Nyarugusu, wengine wametoka Uganda, Nakivale na Kyangwali. Kule hakuna aliyetujengea. Mtu aliyekaa miaka kumi Nyarugusu anajua kupiga tofali bichi kuliko fundi wa hapa, hiyo ni kweli. Unachimba udongo, unaukanyaga, unaujaza ndani ya fremu ya mbao, unaanika. Kule Kigoma, toka mwezi wa sita mpaka wa nane mvua karibu haiko kabisa, na jua linafanya kazi ya bure. Unapandisha ukuta polepole, paa inakuja mwisho.

Lakini Kisangani si Kigoma. Hapa tuko karibu na mstari wa ikweta, na msitu umetuzunguka pande zote. Mvua inapungua mwezi wa kwanza na wa pili, inapungua tena kidogo mwezi wa sita na wa saba, lakini kukatika haikatiki. Tofali bichi linalala wiki mbili, upande wa juu umekauka, upande wa chini umeota ukungu. Ukuta ukifika kiunoni, mvua ya usiku mmoja inaurudisha kuwa potopoto. Nimeitwa mara mingi kuangalia kuta za namna hiyo, hapa Mangobo na Kabondo, na mwenyewe anasimama pale anasema, «Fundi, udongo wa hapa ni mubaya.» Hapana, mama. Udongo ni muzuri. Njia ndiyo ya inchi kavu.

Wazee wa hapa walikuwa na njia yao, na inaanzia juu. Wanasimamisha miti, wanafunika paa, halafu chini ya ile paa wanafanya ukuta bila haraka. Mvua inyeshe, wewe uko kwenye kivuli unakanyaga udongo wako. Watoto wanaweza kulala upande ambao umeisha. Hiyo ndiyo nyumba ya miti na potopoto, na wengine wanaidharau wakisema ni nyumba ya kijijini. Ikiwa imefanywa vizuri, inakaa miaka mingi. Ikiwa imefanywa vibaya, mchwa anaimaliza upesi.

Tuanze na miti. Chumba kimoja kinaomba nguzo 8: ine za pembeni, na moja katikati ya kila upande. Zile mbili za katikati kwenye pande za mita 4 ndizo ndefu, kwa sababu zinabeba mgongo wa paa. Ndefu ziwe mita 4, zingine mita 3. Sentimita 60 zinaingia chini. Usikubali mtu akuuzie kombokombo eti ni bei nzuri. Kombokombo inaota haraka na inaoza haraka. Tafuta limbali, ao muti mwingine mugumu, hata kama ni vipande ambavyo wapasuaji wa mbao waliviacha. Toa maganda yote, maana mchwa anapenda kupita chini ya maganda. Halafu ule upande utakaoingia udongoni, uuchome moto mpaka uwe mweusi, kidole kimoja juu ya pale udongo utafika na zaidi. Ukipata mafuta machafu ya moteri kwa wenye garaje, paka mara mbili. Nguzo haiozi chini kabisa, na haiozi juu. Inaoza pale pale inapotoka udongoni. Pesa yako na nguvu yako ziende pale.

Paa. Hapa nitakawia, kwa sababu ndipo pesa nyingi inaenda.

Toli ya mita 3, ukiilalisha juu ya mwenzake, inafunika upana wa karibu sentimita 80. Ukuta una mita 2 na sentimita 20 kwenda juu, na mgongo wa paa unapanda mita moja zaidi. Kwa mwinuko huo toli moja inatosha toka mgongoni mpaka chini, bila kuunga, na inapita ukuta kwa karibu sentimita 70. Hizo sentimita 70 ndizo zinalinda potopoto. Kuko watu wanakata toli ili ipendeze, paa inakuwa fupi kama kofia ya polisi. Halafu wanashangaa ukuta unalamba maji. Pembeni pia, kwenye pande za mita 4, acha nusu mita kila upande.

Hesabu: chumba kimoja cha mita 3, ukiongeza nusu mita huku na nusu mita huku, ni mita 4. Toli 5 upande mmoja, toli 5 upande mwingine. Kumi. Siku utaongeza chumba cha pili, unatafuta zingine 8, si kumi, kwa sababu ile nusu mita ya pembeni unaihamisha. Kumi na nane kwa nyumba nzima, pamoja na toli za kukunja kwa kufunika mgongo.

Ile hesabu ya kumi ndiyo ilituonyesha njia. Mnajua likelemba. Wamama wa soko wanaifanya kila siku na franka. Siye tunaifanya na toli. Watu 10, kila mmoja analeta toli moja kwa mwezi, na mwenye zamu anachukua zote 10. Ni chumba kimoja kimefunikwa. Miezi 10, vyumba 10. Toli haiwezi kutumiwa kwa bia kirahisi kama franka, na bei ikipanda katikati ya mwaka, wote tunapanda nayo pamoja. Shida ni zamu: kila mtu anaomba mwezi wa kwanza, hakuna anayependa kungoja mpaka mwezi wa kumi. Tuliamua kwamba anayelala nje anatangulia, na anayelala kwa ndugu anangoja. Kulikuwa na maneno makali juu ya ile, na ninajua hayajaisha.

Mama mmoja pale nyuma ananiuliza: na ndele? Ndele ni nzuri, mama. Ni ya baridi mchana, na mvua haikupigii kelele usiku. Kama uko ng'ambo ya Lubunga, karibu na msitu, na wanaume wako wanajua kushona ndele, anza nayo. Lakini uijue: inaomba mwinuko mkali kuliko toli, inaomba moshi chini yake ili wadudu wakimbie, na itaomba kubadilishwa. Jenga miti yako na nguvu ya kubeba toli, ili siku toli inakuja usibomoe. Mangongo, hapana. Hayo ni ya kungojea siku chache, ao ya kufunga chikwangue.

Usisahau upepo. Mvua za hapa zinatanguliwa na upepo unaovua paa nzima. Misumari ya toli iwe na kofia na mpira. Na kila mbao ya paa ifungwe kwa nguzo na waya ya chuma, isiwe misumari peke yake.

Sasa chini. Ukuta wa potopoto usiguse ardhi. Kati ya nguzo na nguzo, tunajenga msingi wa mawe ao matofali ya kuchoma, sentimita 40 juu ya ardhi, kwa sababu tone la maji likianguka toka paani linaruka na matope. Ni hapa tu ndipo ninakubali sima. Kwa chumba kimoja, mifuko miwili, mitatu kama fundi wako ni mwepesi wa mkono. Mnajua sima inatoka wapi: ama inapanda mto toka Kinshasa, karibu kilomita 1,700, ama inakuja na barabara toka mashariki. Kila kilomita iko ndani ya bei. Mtu anayepaka sima juu ya ukuta wa potopoto ili uonekane kama nyumba ya mzungu anatupa pesa: udongo unapumua, sima haipumui, na mwaka ujao ile sima inaanguka vipande vipande pamoja na udongo. Paka udongo laini na mchanga, halafu pembe nyeupe. Inapendeza, na kila mwaka watoto wanairudilia wenyewe.

Ukuta wenyewe ni kazi ya mikono. Fito ao mianzi, huku na huku ya nguzo, umbali wa mkono mmoja, zifungwe na kekele. Udongo wa kisuguru ndio unashika vizuri, ukichanganywa na mchanga. Ongeza majani makavu yaliyokatwa mafupi. Maganda ya mpunga pia yanasaidia, na kwenye mashini ya mpunga mara mingi hawakuombi hata franka moja. Ukanyage leo, uache ulale, ukanyage tena kesho. Jaza mara ya kwanza, uache upasuke. Mupasuko si ugonjwa. Ukishakauka, ndipo unapaka mara ya pili.

Kwa hiyo mwaka unakuwa hivi: miti inatafutwa mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, paa inapanda mbele ya mwisho wa mwezi wa kwanza, na potopoto inaendelea mpaka mwezi wa tatu.

Niseme jambo moja lisilo la ufundi. Wako kati yetu watu ambao nyumba zao zilianguka katika vita ya siku sita, mwezi wa sita mwaka 2000, na wako wanangoja fidia. Mahakama ya La Haye iliamua tarehe 9 mwezi wa pili 2022 kwamba Uganda ilipe dola milioni 325, na FRIVAO iliwekwa kwa ajili ya kuzigawa. Endeleeni kufuata dosie zenu, ni haki yenu. Lakini msilale nje juu ya ile dosie. Vilevile wale wa Lubunga waliokimbia toka mwaka 2023 juu ya machafuko, sasa wanarudi wanakuta majivu: hakuna anayejua kama amani itakaa. Kwao ninasema nyumba ya miti iko na faida ambayo tofali haina. Toli unaweza kuzifungua, misumari ukaichomoa polepole, nguzo ukazing'oa, ukapakia pirogi. Nyumba ya tofali unaiachia mwingine.

Na ndiyo sababu, mbele ya sima yoyote, angalia karatasi yako. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema udongo ni mali ya serikali, na haki yako inashuhudiwa na sertifika ya kuandikishwa. Fiche ya kartie inasaidia, lakini haifanyi kazi ya sertifika. Mtu aliyerudi akakuta mwingine ndani ya parsele yake, ao anayejenga kwa neno la mjomba tu, asiweke msingi wa kudumu mpaka ijulikane. Ajenge chumba kinachoweza kuhama.

Kwenu wafadhili, nitasema wazi, na kamati itanisamehe. Tukipewa pesa za nyumba tatu nzima za matofali, tutapiga picha nzuri, na familia tatu zitalala vizuri. Pesa ile ile ikija kama toli, misumari, waya na mifuko miwili ya sima kwa kila familia, familia nyingi zaidi zitakuwa chini ya paa mwaka huo huo, maana miti, udongo na mikono tuko nayo. Lakini msitoe toli kwa mtu ambaye hajasimamisha miti. Si kwamba watu wetu ni wabaya. Toli iliyolala chini ya kitanda, siku mtoto anagonjwa, inakuwa dawa. Toli iliyopigiliwa misumari haiuzwi haraka.

Kazi inayofuata ni ya yule mjane wa zamu ya tatu. Nguzo zake zimeshachomwa. Tunapandisha paa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kwanza, saa kumi na mbili asubuhi. Mwenye ngazi aje nayo, mwenye nyundo pia. Wamama wanaokuja kukanyaga udongo, ni Jumamosi ya pili.