Heshima Huanza na Jina

(Mazungumzo na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kutoka Kitale na Bungoma)



Wengine mmetoka Endebess na Kiminini, wengine Chwele na Kimilili. Nimeombwa niongee juu ya kuwatendea wengine kwa wema na heshima. Mtasema, hilo tunalijua tangu katekisimu. Ni kweli. Kwa hivyo leo sitafundisha sana. Nitaanza kwa kuungama. Tufuate njia yetu ya kampeni ya Kwaresima: kuona, kupima, kutenda.

KUONA

Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, uwanja wa maonyesho wa Kitale ulijaa hema. Katika nchi nzima watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Upande wa Mlima Elgon shida ilikuwa imeanza mapema, mwaka 2006, kwa ajili ya ugomvi wa mashamba ya Chebyuk, na watu walikuwa wakishuka na watoto mgongoni.

Mimi nilikuwa nimemaliza diploma juzi juzi tu. Nilipewa daftari na kalamu, niandike majina ya wanaopokea mahindi na maharagwe. Siku ya kwanza niliandika majina. Siku ya tatu nimechoka, jua kali, mstari hauishi. Nikaacha majina. Nikawa nauliza tu, "Vichwa vingapi?" Mtu anasema sita, naandika sita, anapimiwa, anaenda.

Akaja nyanya mmoja. Nikamuuliza bila kuinua macho, "Vichwa vingapi?" Akanyamaza. Nikarudia kwa ukali. Akasema polepole, "Mwanangu, vichwa ni vya ng'ombe, na wangu walichukuliwa. Sisi hapa ni watu wanne."

Wa nyuma wakacheka. Mimi sikucheka. Niliweka kalamu chini, nikasema, "Nisamehe, nyanya. Unaitwa nani?" Akanitajia jina la ubatizo, halafu jina la kwao, halafu majina ya wajukuu watatu. Niliandika yote. Mahindi hayakuongezeka hata gorogoro moja, lakini alinishika mkono kabla ya kuondoka.

Naona wengine mnataka kujua alikuwa kabila gani. Sitasema. Hilo swali ndilo ugonjwa wenyewe.

KUPIMA

Sasa tupime. Chuki haianzi na mshale wala kiberiti. Inaanza na kumnyang'anya mtu jina lake. Jirani uliyemwita Baba fulani, mliyezika pamoja na kuchanga pamoja, ghafla anakuwa "hao". Halafu "watu wa kuja". Halafu "madoadoa". Neno hilo lilitumika wakati wa vita vya kikabila vilivyoanza 1991 na kufika Trans Nzoia na Bungoma, na likarudi tena 2007. Doa ni nini? Ni kitu cha kufuliwa kitoke. Ukishakubali kwamba jirani yako ni doa, hutashangaa akija mtu wa kumtoa. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka neno hilo katika orodha ya maneno ya chuki. Ni vizuri. Lakini tume haikai jikoni kwako. Watoto wako ndio wanakaa, na wanasikia.

Na si makabila tu. Kuna msichana wa kazi, mwaka wa pili sasa, hata mwenye nyumba hajui jina la baba yake. Kuna watoto wa mitaani pale Kitale tunaowaita chokoraa. Kuna mama anayemeza dawa za virusi, tunamwita "yule mgonjwa".

Mtume Yakobo, sura ya 3, anatuonya juu ya ulimi unaomsifu Mungu na kumlaani mtu aliyeumbwa kwa mfano wake. Na katika Luka 10, Yesu alipoulizwa jirani ni nani, hakutoa orodha. Alimwonyesha Msamaria, mtu wa jamii iliyodharauliwa, akifunga vidonda.

Mtu atasema, "Dada, huyo unayetaka nimheshimu ndiye anayelima shamba la baba yangu." Simwambii anyamaze. Heshima si kufunika haki. Peleka kesi yako, dai yako. Lakini shamba linaweza kudaiwa bila kumwita mtu doa.

Marehemu Askofu Cornelius Korir wa Eldoret alituachia mfano. Kitale ilikuwa katika jimbo lake mpaka 1998. Mwaka 2008 alifungulia maelfu ya watu uwanja wa kanisa lake kuu. Baadaye alipopatanisha vijiji hakuanza na mkutano mkubwa. Kila upande uliongea kwanza peke yake ukatoa uchungu, halafu wakakutana, halafu wakafanya kazi moja pamoja. Njia hiyo aliiita Amani Mashinani.

KUTENDA

Ninaomba mambo matatu tu.

Moja: kila mmoja ajifunze majina kamili ya majirani watatu wasio wa kabila lake, na awasalimu kwa majina hayo.

Pili: neno la dharau likitajwa mbele yako, kwa matatu, sokoni au kwenye chama, usicheke. Ukishindwa kukemea, angalau usicheke. Kicheko ndicho kinalipa nauli.

Tatu: tunapogawa msaada wa parokia, tuandike majina. Tusihesabu vichwa.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa, na nyanya yule akaniinua. Mungu awabariki.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni majina gani ya dharau tunayatumia hapa kwetu? Nani anaumia?
2. Ni nani katika eneo letu hatujui jina lake, na tunamwona kila siku?
3. Ni kazi gani moja tunaweza kufanya pamoja na majirani wa upande wa pili kabla ya Pasaka?