Hanuka si Krismasi ya Wayahudi

Wengi huiita Hanuka Krismasi ya Wayahudi. Sivyo. Krismasi ni kuzaliwa kwa Yesu, kiini cha imani ya Kikristo. Hanuka hukumbuka Hekalu la Yerusalemu lilivyotakaswa upya mwaka 164 kabla ya Kristo, Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi, walipolikomboa mikononi mwa Waseleuko, watawala wa Kigiriki. Ni sikukuu ndogo. Watu huenda kazini kama kawaida.

Uzuri wake uko kwenye kinara: usiku wa kwanza mshumaa mmoja, wa pili miwili, hadi minane, yote ikiwashwa kwa mshumaa wa tisa uitwao mtumishi. Huwekwa dirishani ili wapita njia waone. Zawadi tele? Hizo zimeshamiri zaidi Marekani, kwa ujirani na Krismasi.

Na Injili ya Yohana, sura ya 10, inamtaja Yesu akitembea Hekaluni wakati wa sikukuu hiyohiyo ya Hanuka.