Jicho, Jua na Kioo cha Simu



Karibu kila aliyemo ukumbini humu amebeba simu, na karibu kila mmoja amewahi kupambana na kioo chake. Saa sita mchana barabarani unajiona uso wako humo badala ya maandishi. Usiku wa manane, taa zikiwa zimezimwa, simu ileile inachoma macho. Watengenezaji wamelijibu tatizo la mchana kwa kuongeza nguvu ya mwanga toleo hadi toleo, na la usiku kwa kukitia kioo rangi ya manjano jua likishazama. Nimekuja kutetea hoja kwamba majibu hayo hayatoshi, kwa sababu yanahesabu mwanga unaotoka kwenye simu peke yake. Jicho halihesabu hivyo. Jicho husoma tofauti kati ya mwanga wa kitu na mwanga wa vinavyokizunguka.

Jambo hili ni la kale. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra karibu mwaka 965, aliliandika katika Kitab al-Manazir mwanzoni mwa karne ya 11. Aliona kwamba nyota za usiku zipo palepale mchana, wala hazijapungua mwanga. Kinachozificha ni anga lililojaa nuru ya jua kati yetu na hizo nyota. Karne nane baadaye, Ujerumani, Ernst Weber alichunguza ni kiasi gani lazima kitu kiongezeke ndipo mtu ahisi kimeongezeka, na mwaka 1860 Gustav Fechner akayapa matokeo hayo umbo la kihisabati. Washa mshumaa wa pili kwenye chumba chenye mshumaa mmoja, kila mtu atageuka. Washa wa mia moja na moja kwenye chumba chenye mia, hakuna atakayetambua. Ndiyo maana mwaka 2018, katika Android 9, Google waliibadilisha namna ile alama ya mwangaza mnayoiburuta kwa kidole inavyofanya kazi, ikafuata hesabu ya logi: sehemu kubwa ya mstari ikawa ya mwanga hafifu, maana huko ndiko jicho linakoona kila hatua.

Vipimo viwili tu, kisha tuendelee. Mwanga unaokiangukia kitu hupimwa kwa luksi. Mwanga unaotoka kwenye uso wa kitu kuja machoni hupimwa kwa kandela kwa mita ya mraba, ambayo kwenye biashara ya simu huitwa niti. Mwezi mpevu hutupa kama luksi 0.2. Ofisi yenye taa nzuri ina luksi 300 hadi 500. Jua la utosini hufika luksi 100,000. Kati ya mbalamwezi na jua la mchana, basi, kuna zidisho la mara laki tano, na mboni, ikipanuka kutoka milimita 2 hadi 8, inaongeza eneo lake mara 16 tu. Kazi yote iliyobaki hufanywa na retina, kwa kemia, na kemia hiyo ni ya polepole. Ukitoka kwenye mwanga na kuingia gizani, seli koni huzoea ndani ya dakika kama kumi; seli fimbo, ambazo ndizo za kuonea usiku, huhitaji nusu saa au zaidi.

Nianze na giza.

Mwaka 2016 madaktari wa London waliandika katika The New England Journal of Medicine habari za wanawake wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine wa miaka 40, waliokuwa wakipofuka jicho moja kwa dakika kadhaa, tena mara kwa mara. Walipimwa mishipa ya damu, moyo na ubongo, hakuna kilichopatikana. Jibu lilitokea walipoulizwa kwa makini walikuwa wakifanya nini kabla ya jicho kuzima. Walikuwa wamelala ubavu, gizani, wakisoma simu. Jicho moja lilifunikwa na mto likazoea giza. La pili lilitazama kioo likazoea mwanga. Simu ilipowekwa chini, jicho lililofunikwa liliona chumba vizuri, na lililokuwa likisoma halikuona kitu. Madaktari walilithibitisha wenyewe kwa kupima: uwezo wa jicho lililotazama simu ulishuka, ukachukua dakika kadhaa kurudi.

Habari hiyo ilienea ikapewa jina la upofu wa simu, na watu wakatishika bure, kwani hakuna jicho lililoumia. Lakini naomba tuitafakari kwa upande mwingine. Wanawake wale waligundua kuna tatizo kwa sababu walikuwa na jicho la pili la kulinganishia. Mwendesha bodaboda anayefuata ramani usiku, simu imefungwa kwenye usukani ikiwaka kwa nguvu ya mchana, anayatumia macho yote mawili. Yote mawili yanapoteza uwezo kwa pamoja, kwa kadiri anavyokitazama kioo, na hana jicho la kumwambia kwamba barabara ina giza zaidi kwake kuliko ilivyo. Mtembea kwa miguu mwenye nguo nyeusi, pembeni ya barabara isiyo na taa, yumo ndani ya hasara hiyo. Ramani yenye usuli mweusi na kioo kilichoshushwa hadi niti chache ni kifaa cha usalama barabarani, na ningependa kuona vijana wetu wakifundishwa hivyo vijiweni.

Kuhusu usingizi nitasema kwa kifupi, maana wengi mmeshahubiriwa. Mwaka 2002 ilithibitishwa kwamba retina ina seli za aina nyingine, ambazo kazi yake kubwa ni kuiambia saa ya mwili kama ni mchana au usiku. Zinahisi zaidi mwanga wa buluu. Hapo ndipo lilipotoka wazo la kioo cha manjano. Wataalamu walipokubaliana mwaka 2022 juu ya kiwango kinachofaa, walisema kwamba kuanzia saa tatu kabla ya kulala mwanga unaofika jichoni usizidi 10, kwa luksi zilizorekebishwa kulingana na seli hizo. Sasa chukueni kioo cha sentimita 7 kwa 15, cheupe chote, sentimita 30 kutoka usoni. Kikiwaka niti 500, kinalipa jicho luksi karibu 58. Kikiwaka niti 50, hazifiki 6. Kuburuta kidole kunafanya kazi kubwa kuliko manjano. Na anayesumbuliwa na ukali wa kioo aache taa ndogo, ya rangi ya joto, ikiangaza ukuta nyuma ya simu. Mwanga wa kioo hautabadilika. Kitakachobadilika ni kile jicho linachokilinganisha nacho.

Sasa twende juani, ambako kuna mengi zaidi, na ambako wengi wa watu wetu wanafanyia kazi.

Karatasi nyeupe juani hung'aa kwa niti kama 25,000. Hakuna simu sokoni inayokaribia hapo. Simu nyingi za bei nafuu hutoa niti 400 hadi 500. iPhone 14 Pro ya mwaka 2022 ilitangazwa kwa niti 2,000 nje, na Galaxy S24 Ultra ya 2024 kwa 2,600. Hata hivyo gazeti linasomeka juani vizuri kabisa, kwa sababu jua likiizidishia karatasi mwanga mara mia, linauzidishia wino mara mia vilevile, na uwiano unabaki palepale. Kioo cha simu hakina bahati hiyo. Juu ya mwanga wake jua linamwaga utando mmoja sawasawa, penye weupe na penye weusi, na weusi ukishajaa nuru, herufi zimekwisha.

Utando huo unatoka wapi? Kioo chochote cha kawaida kinarudisha karibu asilimia 4 ya mwanga unaokigonga. Kwa hiyo kinachoharibu maandishi ni sura ya kile kilicho mbele ya simu, na kilicho mbele ya simu, mara nyingi, ni wewe mwenyewe. Tupige hesabu. Ni saa tatu asubuhi, jua linakupiga kifuani kwa luksi 60,000, na umevaa kanzu nyeupe. Kifua chako kinang'aa kwa niti kama 15,000. Asilimia 4 yake ni niti 600, na hizo zinaongezwa kila mahali kwenye kioo. Kwa simu ya niti 500, weupe unakuwa 1,100 na weusi 600: haifiki hata mara mbili. Vaa fulana nyeusi, usimame palepale, ushike simu ileile. Utando unashuka hadi niti 38 hivi, na weupe unauzidi weusi mara 14. Nguo imefanya kazi ambayo kwa nguvu ya kioo peke yake ingehitaji niti karibu 8,000.

Nimeona akina mama wauza samaki wakiivuta kanga juu ya kichwa na simu kwa pamoja ili wasome ujumbe. Wanachokifanya ni fizikia sahihi: wanabadilisha kilicho mbele ya kioo. Vivyo hivyo anayeisimamisha simu wima zaidi wakati jua liko utosini; na hapa Dar es Salaam, mapema Machi na tena Oktoba, linapita juu ya vichwa vyetu hasa. Mwamvuli wa wakala wa pesa nao unafaa kuchunguzwa. Kitambaa chake kikiwa chepesi, jua linapenya, na upande wa ndani unageuka dari linalong'aa, ambalo simu iliyolala mezani inaliakisi lote. Mwamvuli huohuo ukishonewa kitambaa cheusi kizito kwa ndani, maandishi yanarudi. Gharama ni ya mita chache za kitambaa.

Protekta nayo inahusika. Ikishikamana vizuri haina neno. Ikiachia, hewa ikaingia kati, zinapatikana nyuso mbili zaidi za kuakisi, kila moja na asilimia 4 yake, na utando unakaribia kuwa mara tatu. Wengi wanafikiri simu imechoka kumbe ni protekta inayotaka kubandikwa upya.

Mbio za niti zina kikomo chake, nacho ni joto. Kioo kikiwaka kwa nguvu zote juani, simu inachemka kutoka ndani na kutoka nje. Apple wanataja nyuzi 0 hadi 35 kuwa joto la mazingira linalofaa kutumia simu zao, na kwenye lami ya mchana hizo 35 zinapitwa upesi. Simu ikishapata joto inashusha mwangaza ili kujiokoa, saa ileile mtu anapouhitaji.

Kwa nini nalishikilia jambo hili hivi? Kwa sababu tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuvuka kuja Tanzania mwaka uliofuata, kioo cha simu kimekuwa kaunta ya benki, na kaunta hiyo iko juani. Kabla ya kubonyeza kutuma, mtu anatakiwa asome jina la mpokeaji na kiasi. Asiyeona kioo anabonyeza kwa kukisia, au anampa simu aliye karibu amsomee, na mara nyingi namba ya siri inafuata hapohapo. Wazee ndio wa kwanza kuumia, kwa kuwa lenzi ya jicho lililozeeka inatawanya mwanga zaidi.

Wanafunzi wa kompyuta mliopo hapa, hili ni lenu. Kanuni ya kimataifa ya kurasa za intaneti, tangu 2008, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli kwa 4.5 kwa 1. Maandishi ya kijivu yanayofaulu mtihani huo ofisini, yakiwekwa kwenye simu ya niti 500 mbele ya ile kanzu ya saa tatu, yanabaki na 1.5 kwa 1. Jina la mpokeaji na kiasi cha pesa viandikwe kwa weusi mzito juu ya weupe, kwa herufi kubwa. Usuli mweusi unaopendeza usiku uacheni usiku, maana juani unageuka kioo cha kujitazamia. Na programu yoyote ya malipo ijaribiwe nje, mchana, kwenye simu ya bei nafuu, na mtu aliyevaa nyeupe.

Kwa TBS, shirika letu la viwango, na TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, na wenzao wa nchi jirani, nina ombi moja. Mwaka 2024 kampuni ya Corning ilitangaza kioo kinachopunguza uakisi kwa hadi asilimia 75. Kiingizeni kwenye hesabu yetu: utando wa niti 600 unashuka hadi 150, na simu ya niti 500 inapata uwiano ambao kioo cha kawaida kingeupata kwa niti 2,000, bila kugusa betri wala kuongeza joto. Lakini mnunuzi wa Kariakoo hana namna ya kujua, kwa sababu boksi la simu linamwambia niti peke yake. Liandikwe pia, kando ya niti, kioo hicho kinaakisi asilimia ngapi.