MCHEZO MPYA TUUANZE LINI?

(Mazungumzo na wanachama wa klabu ya afya ya skuli ya sekondari, Mji Mkongwe, Unguja)

 

Nimeambiwa kwamba mnataka kuanza mchezo mpya wa hadithi kwenye simu. Kwa wale ambao hawaujui, uko hivi. Kila mmoja anajichagulia mhusika: huyu muuza duka wa Darajani, yule dada aliyerudi kutoka Muscat, mwengine kijana mvuvi wa Mkokotoni. Mnaingia kundi moja la simu, na kwa zamu kila mtu anaandika mhusika wake kafanya nini na kasema nini. Mwendeshaji, tumwite nahodha, ndiye anayeleta msukosuko: leo kumetokea jambo kadha, mtafanyaje? Hakuna aliyejua hadithi itaishia wapi. Mnaitunga nyote.

Sikuja kuukataza. Najua wapo wazee watakaosema kuwa mchezo wa simu ni maradhi, na ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani limeyaweka matatizo ya michezo ya kompyuta katika orodha yake ya maradhi, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2022. Lakini tuisome orodha vizuri. Inamzungumzia mtu aliyeshindwa kujizuia, mchezo ukawa mbele ya kila kitu, naye anaendelea ingawa anaona unamharibia maisha, na kwa kawaida hali hiyo iwe imeonekana kwa miezi 12. Anayeandika mistari mitano baada ya kula hayumo humo. Kwa hiyo swali langu kwenu si mcheze au msicheze. Ni lini.

Jibu la vijana siku zote ni "leo leo!" Wazo likiwa la moto, kila mtu ana mhusika wake kichwani, kundi linafunguliwa saa nne ya usiku, na mpaka saa saba watu wameandika kurasa ishirini. Wiki ya pili wamebaki watatu. Wiki ya tatu nahodha anaandika peke yake, "jamani mpo?"

Hebu tuwatazame waliotoka. Mara nyingi hawakuchoka na mchezo. Chukueni mfano wa msichana ambaye hana simu yake, anaazima ya kaka yake baina ya magharibi na isha, na kabla ya hapo ana chuo, ana maji ya kuchota, ana vyombo. Mchezo ukianza saa nne ya usiku, yeye anaamka asubuhi na kukuta mhusika wake ameshaamuliwa mambo. Ameolewa, amehama, hata pengine amekufa! Atakwambia ameudhika? Hakwambii. Ananyamaza tu. Na huyo ndiye khasa tuliyemtaka, maana klabu hii inacheza hadithi ili mtu ajizoeze kusema "sitaki" kwa mdomo wa mhusika kabla hajalazimika kuisema kwa mdomo wake mwenyewe.

Huu mtindo wa kucheza usiku una asili yake. Mchezo wa kuigiza wahusika mezani, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw alianza kutengeneza mchezo wa maandishi wa kompyuta ulioitwa MUD, akaendeleza Richard Bartle, na hapo watu wengi wakaweza kuingia hadithi moja kwa pamoja. Watu wa nje ya chuo walikuwa wanaingia usiku wa manane, kwa sababu mchana zile kompyuta zilikuwa na kazi za chuo. Wao walikesha kwa kukosa mashine. Nyinyi mnakeshea nini, na simu iko mfukoni?

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 mpaka 10. Fanyeni hesabu. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri, basi ili upate saa 8 ulale saa tatu ya usiku. Saa tatu! Usingizi ukikatwa, kukumbuka ulichosoma kunaumia, na hasira zinakuwa karibu.

Nyinyi wenyewe mnajua ugumu uko wapi. Wengine mko mkondo wa asubuhi, wengine wa mchana, wengine jioni mna chuo. Saa ambayo nyote mko huru ni baada ya isha, yaani saa ile ile ya kulala. Kwa hiyo msitafute saa moja ya watu wote. Kila mtu awe na zamu moja kwa siku, aandike wakati wake, na zamu zifungwe saa mbili na nusu ya usiku. Atakayechelewa, mhusika wake anasubiri wala haguswi.

Sasa tarehe. Ramadhani msianze. Usiku watu wako macho, tarawehe, kisha baraza, kisha daku, na inaonekana kama ndiyo nafasi. Lakini usingizi umeshapungua, ukiongeza mchezo unabaki na nini? Vile vile Kidato cha Nne wana mtihani wao wa Taifa mwezi wa Novemba, basi miezi miwili kabla msiwaite.

Likizo je? Najua mtanishangaa, lakini mimi nasema hapana. Likizo watu wanatawanyika, huyu Pemba, huyu shamba kwa bibi, na mwenye simu hana skuli ya kumwamsha asubuhi, atakesha. Asiye na simu ndiyo kabisa, hata klabu haioni. Anzeni wiki ya pili ya muhula, ratiba zikishakaa sawa. Klabu inakutana kila wiki, na asiye na simu anaandika zamu yake kwenye karatasi, mwenzake anamwingizia.

Na mwisho wake upangeni siku hiyo hiyo ya kuanza. Wiki sita zinatosha. Tazameni Mwaka Kogwa, Makunduchi. Kila mwezi wa Julai watu wanajua siku, pande mbili zinapigana kwa migomba, kibanda kinatiwa moto, nyimbo zinaimbwa, kisha wanaopigana wanapatana na watu wanakula. Hakuna anayebaki uwanjani mwezi mzima akiuliza kama bado tunapigana.

Mna mchezo wa zamani ambao haujafungwa, nimesikia. Wapo wanaoungojea. Mwandikieni kila mmoja, mumpe zamu moja ya mwisho, mfunge. Ndipo mfungue mpya.

Liko jambo moja ambalo kwangu ni kubwa kuliko tarehe. Mtu akijificha nyuma ya mhusika husema yale ambayo hajapata kuyasema. Mhusika wake kila siku anapigwa, au kila siku anaogopa kurudi nyumbani kwa sababu ya mjomba, na mkitaka kuigeuza hadithi yeye hataki. Pengine ni hadithi. Pengine si hadithi. Msimuulize mbele ya kundi, na msiyachukue maneno yake mkayapeleka kwengine. Nahodha amfuate pembeni, kisha aende kwa mtu mzima ambaye klabu imemkubali. Iko namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, ni bure. Na kipo kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, si mbali na hapa. Kama huyo mtu mzima hamjampata bado, basi hata wiki ya pili ya muhula ikifika msianze, ngojeni.

Naona mwalimu anatazama saa. Nahodha wenu ni nani? Simama tukuone. Na huyo dada aliyenyoosha mkono pale dirishani, uliza.